Jinsi ya kumfundisha mkulima au mfugaji kuandika mpango wa biashara wake mwenyewe

Huu mwongozo ni kwa nyie mnaofundisha: mabwana shamba, wataalamu wa mifugo, viongozi wa vikundi, na wale vijana wenye kompyuta ambao kila siku wazee wanawaomba "niandikie mpango nipeleke kwenye mkopo". Naomba tuache kuwaandikia. Mpango alioandikiwa mtu akiulizwa swali moja tu anakwama, manake namba sio zake, na akishapata hela ule mpango anauweka kabatini na hauangalii tena. Tunataka afike mahali anasema mwenyewe mwezi huu nitakauka, mwezi ule nitakuwa na hela, na anajua kwa nini.

Hatua ya 1: Waje na namba zao

Kabla ya semina waambie waje na chochote walichonacho, daftari, risiti, meseji za malipo kwenye simu. Wengi watakwambia hawana rekodi, ila ukiuliza kidogo kidogo utakuta wanakumbuka vizuri tu: mbolea mifuko mingapi, vibarua wangapi palizi ya kwanza, mbuzi wangapi walikufa, magunia mangapi yaliuzwa na mangapi yaliliwa nyumbani. Na kama ni mke na mume waje wote wawili, mara nyingi mmoja anajua matumizi mwingine anajua mauzo, ukimpata mmoja unapata nusu ya hesabu.

Hatua ya 2: Chora kalenda ya pesa, na hapa usiwe na haraka

Fomu nyingi zinaanza na dira na malengo. Ziache kwanza. Chukua karatasi kubwa na maka peni, chora miezi 12, juu andika pesa inayoingia, chini inayotoka, chini kabisa salio. Alafu kila mtu ajaze ya kwake kufuatana na shamba au mifugo inavyokwenda, sio anavyotamani. Mbuzi anabeba mimba kama miezi 5, ng'ombe siku 283 hivi, kuku wa mayai ukimnunua kifaranga wa siku moja hakupi yai mpaka wiki ya 18 hadi 20, na wiki zote hizo anakula. Hiyo miezi ya kulisha bila kuuza ndo inaua miradi mingi ambayo kwenye hesabu ya mwaka mzima ilionekana ina faida.

Mfugaji wa maziwa muulize ana ng'ombe wangapi wanaokamuliwa. Akisema 4, usimwache azidishe lita za ng'ombe 4 mara siku 365. Ng'ombe aliyepangwa vizuri, anayezaa kila mwaka, anakamuliwa siku kama 305 alafu anapumzishwa kama 60 kabla ya kuzaa tena, kwa hiyo ukigawanya kwa mwaka mzima wale 4 ni sawa na ng'ombe 3.3 tu wanaotoa maziwa, na akichelewa kushika mimba inashuka zaidi. Wakiona hili wenyewe kwenye karatasi, darasa zima linabadilika.

Pesa ya nyumbani nayo iingie kwenye kalenda, ada, matibabu, chakula. Wengine watakwambia hiyo sio biashara, lakini inatoka mfuko ule ule, ukiificha salio linakuwa la uongo.

Hatua ya 3: Kila mradi na hesabu yake

Anayelima na kufuga asichanganye, manake mradi mmoja unaweza kuwa unaubeba mwingine na yeye hajui. Gharama zigawe mara mbili: zinazoongezeka ukiongeza mifugo au ekari (chakula, dawa, mbegu, vibarua) na za kudumu ambazo unalipa hata usipozalisha. Lishe aliyolima mwenyewe aiandike kwa bei ambayo angeiuza, na pampu itakayodumu miaka 5 aigawe kwa 5.

Sasa fundisha idadi ya kutopata hasara kwa mfano mdogo. Tuseme anauza mbuzi wa kunenepesha kwa 100, kumnunua na kumlisha ni 70, anabakiwa na 30. Gharama za kudumu ni 600. Gawa 600 kwa 30, unapata mbuzi 20, hapo hajapata wala hajapoteza. Alafu waulize, je, kati ya kila 10 akifa mmoja? Aliyekufa naye alinunuliwa, na tuseme alikuwa ameshalishwa muda wote, kwa hiyo kila mbuzi aliyenunuliwa analeta 90 sio 100, kinachobaki ni 20, na 600 ukigawa kwa 20 ni mbuzi 30. Kifo kimoja katika 10 kimeongeza mbuzi 10 ili tu arudishe hela yake! Baada ya hapo huhitaji kuwahubiria chanjo.

Hatua ya 4: Soko

Neno "soko lipo" usilikubali. Nani ananunua, anataka kiasi gani, lini, usafiri juu ya nani, analipa kesh au baada ya mwezi? Na uzito pia: kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 ukizikausha mpaka 13 zinabaki kilo 92 hivi, hata kama hamna punje iliyopotea.

Hatua ya 5: Tikisa hesabu

Mwambie ashushe mavuno kwa asilimia 20 na bei kwa asilimia 20. Wengi wanadhani mapato yatashuka 40, kumbe ni 36, yanabaki 64 katika kila 100, ila gharama nyingi zimebaki pale pale. Akiona salio limekwenda chini ya sifuri ndo muda wa kujadili atafanya nini: aanze na idadi ndogo, auze kwa awamu, au mradi wenyewe usubiri.

Hatua ya 6: Mkopo

Weka marejesho kwenye ile kalenda. Kama anavuna mara moja kwa mwaka na mkopo unadai kila mwezi, tatizo litaonekana hapo hapo, na atakwenda kwa mkopeshaji akiwa anajua aombe nini, marejesho yafuate mauzo au apewe muda wa kuanza kulipa. Riba yote pamoja na ada zake iwe gharama kwenye mpango.

Hatua ya 7: Sasa ndo andika

Kurasa chache tu zinatosha, kwa lugha anayoongea: nafanya nini, namuuzia nani, hesabu, kalenda, hatari na nitafanyaje. Muhtasari wa mwanzo uandikwe mwisho. Alafu kila mtu amweleze mwenzake mpango wake bila kusoma, na mwenzake amhoji kama mkopeshaji, palipomshinda kujibu arudi akarekebishe.

Baada ya miezi 3 kutaneni tena na karatasi zile zile, pembeni ya kila namba aliyopanga aandike iliyotokea kweli, na kalenda ya miezi inayofuata muibadilishe palepale.