Namna ya Kuzungumza na Wazazi Wanaokutaka Uhudhurie Ibada Usiyoiamini

Kabla hujawaambia wazazi neno lolote, jiulize ni jambo gani hasa unalolikataa. Wapo vijana wasioiamini tena dini ya nyumbani, wapo wanaoiamini lakini wanaumizwa na mahubiri ya mahali fulani, na wapo waliochoka tu na wangependa kulala siku ya mapumziko. Kuchoka si kosa, ila ukiuita uchovu huo dhamiri, mzazi atakugundua, na siku utakapokuwa na hoja ya kweli itakuwia vigumu kuaminiwa.

Kisha fahamu sheria inasimama wapi. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unatambua katika ibara ya 14 kwamba mtoto ana uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, lakini ibara hiyohiyo inaheshimu haki na wajibu wa wazazi wa kumwongoza kwa kadiri uwezo wake unavyokua. Ibara ya 12 inaongeza kwamba maoni yake yasikilizwe na kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Nchi hutofautiana: Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1921, aliyetimiza miaka 14 hujiamulia dini yake mwenyewe, Uswisi umri huo ni miaka 16, na Marekani haijauridhia kabisa mkataba huo. Ulizia sheria ya kwenu, lakini usianze mazungumzo kwa kuitaja, kwa sababu mama anayesomewa ibara za mkataba na mwanawe hujiona ameshtakiwa, na mshtakiwa hujitetea badala ya kusikiliza.

Jambo ninaloliona kuwa kiini cha suala hili ni kutofautisha kuhudhuria na kukiri imani. Mzazi anaweza kukutaka uandamane na familia, ukae kwa adabu na usikilize. Hilo, kwa maoni yangu, linavumilika, hata kama linachosha. Kusimama mbele ya waumini na kuapa kwamba unaamini usichokiamini, au kupokea ibada ya kuingizwa rasmi katika dini, ni jambo jingine, maana hapo unatakiwa kusema uongo katika jambo zito, na hata viongozi wengi wa dini hawapendi kiapo cha kulazimishwa. Ukiwa na nguvu ya kugombea jambo moja tu, gombea hilo.

Chagua wakati ambapo hakuna anayeharakisha kuondoka. Mlangoni, wenzako wakiwa wamekwisha kuvaa, si mahali pake. Zungumza kwanza na mzazi anayekusikiliza zaidi, ukiwa na ombi moja linalotekelezeka. Unaweza kusema: “Mama, nitaendelea kwenda nanyi na sitawaaibisha. Ninaomba tu nisiandikishwe kwa kiapo cha mwaka huu, kwa sababu bado sijaamini ninayotakiwa kuyatamka.” Baada ya hapo nyamaza, umwache aseme yaliyo moyoni mwake. Mara nyingi utasikia hofu kuliko hasira: hofu ya kukupoteza, ya maneno ya ndugu, na hasa ya wadogo zako kukufuata. Hofu hiyo ya mwisho ijibu waziwazi kwa kuahidi kwamba hutawashawishi wadogo zako, na uishike ahadi hiyo. Akikataa, omba mlizungumze tena baada ya miezi michache, na katika muda huo usikejeli sala za wengine wala usijifiche kwenye simu wakati wa ibada, kwa kuwa mwenendo wako ndio utakaompa sababu ya kufikiri upya.

Yote haya yanamhusu kijana aliye salama nyumbani. Ikiwa una sababu ya kuamini kwamba ukisema utapigwa, utafungiwa, utanyimwa chakula au utafukuzwa, usiseme kwanza, na usijione mnafiki kwa kunyamaza. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, awe shangazi, mjomba, mwalimu au mshauri wa shule, na umweleze kinachoendelea kabla hali haijaharibika. Kipigo kikishatokea, suala si la dini tena: ibara ya 19 ya mkataba uleule inataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa wazazi, na wa kuendewa ni afisa wa ustawi wa jamii au polisi.