Hesabu pumzi, kisha taja umri: nimonia tangu uchangani hadi uzeeni

Mtoto akikohoa na kupumua mbio, kabla hujatuma mtu duka la dawa hesabu pumzi zake. Mpakate ametulia, hanyonyi wala halii, mfunue nguo hadi kifuani utazame tumbo. Kuinuka na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Wanaohesabu sekunde 15 wakazidisha kwa 4 hukosea, maana pumzi za mtoto mchanga haziendi sawa: hukimbia, zikasita, zikaanza tena.

Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi (hesabu mara mbili). Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi kabla ya 5, 40. Hapo shuku nimonia, nenda kliniki. Mbavu za chini zikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, ni hospitali saa hiyo hiyo. Walio Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, watafute boti mapema, maji hayajapwa.

Mtoto mchanga wa chini ya siku 28 mara nyingi huambukizwa bakteria wakati wa kuzaliwa: streptokoka wa kundi B, E. coli, Klebsiella. Huenda asikohoe kabisa. Hugoma kunyonya, huguna, mwili hupoa. Hata kama arobaini haijaisha, mtoeni mumpeleke hospitali! Anahitaji dawa ya sindano, pengine na oksijeni. Na chumba chake kisifukizwe udi wala ubani.

Baada ya hapo hadi miaka 5 hutawala virusi, hasa RSV, pamoja na bakteria pneumokoka na Hib. Antibiotiki haiui virusi, lakini kwa macho hakuna awezaye kuwatofautisha, ndiyo maana kliniki humpa amoksilini. Mpe hadi dozi iishe, hata homa ikishuka. Kukata kimeo hakutibu mapafu, kunaongeza kidonda na damu. Chanjo za pneumokoka na Hib ni wiki ya 6, 10 na 14. Mtoto wa mama mwenye VVU aanze dawa ya kinga, septrini, wiki ya 6, kwani kuvu Pneumocystis humvamia zaidi kati ya miezi 3 na 6.

Mwanafunzi anayekohoa kikavu wiki nzima na bado anakwenda chuoni huenda ana Mycoplasma. Kijidudu hiki hakina ukuta wa seli, na amoksilini hushambulia ukuta huo, hivyo haikidhuru. Siku 3 za dawa hiyo zikipita bila nafuu, rudi ubadilishiwe dawa, usiongeze dozi.

Kwa mtu mzima pneumokoka ndiyo sababu kubwa. Kikohozi kikifika wiki 2, apimwe makohozi, huenda ni kifua kikuu.

Mzee anaweza kukosa homa na kikohozi. Huchanganyikiwa ghafla, hukataa uji, huanguka. Aliyepata kiharusi alishwe ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, abaki ameketi nusu saa, na kinywa kisafishwe kila siku: chakula kikipotea njia huingia mapafuni na bakteria wa kinywani.