Laini usiyoijua, jina ni lako: namna ya kukagua na kujikinga

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, tapeli wa simu anahitaji kidole cha mtu mwingine. Kwa wakazi wa Arusha na Moshi, mahali pa kuwa macho zaidi ni pale pa kusajili au kurudisha laini.

Anza na ukaguzi. Piga *106# na ufuate menyu hadi kwenye namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Menyu ikikuonyesha laini za mtandao mmoja tu, rudia kwa kila laini uliyo nayo. Mtandao usioutumia usiusahau: pita dukani kwao na kitambulisho uulize.

Ukikuta namba ngeni, usiipigie. Iandike, nenda duka rasmi la mtandao huo na kitambulisho, uikane na uombe ifungwe. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa sababu aliyetapeliwa kupitia laini hiyo akienda polisi, jina litakaloonekana ni lako.

Mbinu iliyozoeleka ya wakala tapeli ni “haijasoma, weka tena”: kidole cha pili kinasajili laini nyingine. Mawakala wengi ni waaminifu, na vidole vyenye vumbi au sugu za jembe kweli hugoma kusoma. Kwa hiyo futa kidole kwanza, kisha kila mara kabla ya kubonyeza omba uone kioo: namba iliyopo iwe yako. Akisema imekataa, akuonyeshe ujumbe wa kukataa. Usiondoke pale mwavulini kwa wakala kabla ya kupiga *106#. Na namba yako ya NIDA isibaki kwenye daftari lake.

Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Anayeijua anaujua mwaka wako, basi mwaka huo usiwe namba ya siri ya M-Pesa wala ya benki. Ukitoa kopi ya kitambulisho, andika juu yake, bila kufunika picha: “Kwa mkataba wa pango tu”, pamoja na tarehe. Ukiituma steshenari kwa WhatsApp, simama hadi waifute.

Simu ikikosa mtandao ghafla ilhali wenzako wa mtandao huohuo wanapiga, shuku kwamba laini yako imehamishiwa kadi nyingine. Azima simu ya mtandao huo, piga 100, omba laini na akaunti ya pesa zifungwe, kisha ijulishe benki.

Mwizi wa simu kwenye daladala anaweza kuchomoa laini, kuiweka kwenye simu nyingine na kupokea meseji zako. Washa PIN ya laini kwenye mipangilio ya usalama, lakini kwanza tafuta PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, kwenye plastiki iliyokuja na laini. Ukikosea PIN mara tatu utadaiwa PUK. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, na tarakimu sita zinazokuja kwa meseji usimtajie mtu, hata akiwa anatumia namba ya shangazi yako.

Huduma kwa wateja hukupigia kwa namba 100 tu. Meseji ya kitapeli itume 15040, kisha jibu utakapoulizwa namba iliyoituma.