Jalada la Uraia la Familia: Mwongozo kwa Watanzania wa Mwanza Wanaoulizwa "Asili Yako Wapi?"

Ukiwa Mtanzania mwenye asili ya Asia au Arabuni, au Mjaluo ambaye nusu ya ukoo wake iko Siaya, Kenya, unajua maswali yanavyobadilika zamu yako inapofika dirishani kwenye ofisi ya NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa) au ya Uhamiaji. Jirani ameulizwa jina na mtaa. Wewe unaulizwa babu. Swali hilo linauma, na si haki mtu aulizwe kwa sababu ya sura yake au lafudhi yake. Lakini lina jibu, na jibu hilo huandaliwa nyumbani miezi kadhaa kabla. Ukisubiri foleni umechelewa. Hapa tunaeleza namna ya kuandaa jalada moja litakalomfaa kijana anayeomba namba ya NIDA mwaka huu na mdogo wake atakayeomba pasipoti baadaye.

Kwanza, jua unathibitisha nini

Watu wengi hubeba kila karatasi waliyo nayo bila kujua ipi inasema nini. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa nchini akiwa chini ya himaya ya Uingereza akawa raia siku hiyohiyo, mradi mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa Tanganyika. Aliyezaliwa hapa huku wazazi wake wote wawili wamezaliwa Gujarat, Muscat au Kisumu alipewa muda wa miaka miwili aombe kuandikishwa. Ndiyo maana familia mbili zilizouza vitambaa mlango kwa mlango mjini Mwanza zinaweza kuwa na historia mbili tofauti za uraia: moja haikuhitaji kufanya lolote, nyingine ilitakiwa kupata hati ya kuandikishwa. Kama yenu ni ya pili, hati hiyo ndiyo nguzo ya jalada. Itafuteni kabla ya kitu kingine chochote.

Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 1995, na kwa waliozaliwa baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 maofisa wa Uhamiaji huangalia zaidi uraia wa baba au mama. Cheti chako cha kuzaliwa peke yake hakimalizi maneno. Unahitaji chako, cha mzazi, na kitu cha kumfikia babu au bibi. Vizazi vitatu.

Jambo moja lisemwe waziwazi, maana vijana wengi hawalijui na huingia ofisini wamejikunyata kama waomba hisani. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Nyerere alikataa katakata, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Amir Jamal, aliyezaliwa Mwanza mwaka 1922 katika familia ya Kihindi, akawa Waziri wa Fedha mwaka 1965. Na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa kabila, rangi au mahali alikotokea. Unachokwenda kukidai dirishani ni chako tayari.

Kuchora vizazi vitatu

Chukua karatasi kubwa. Andika jina lako chini, wazazi juu yako, kisha babu na bibi wa pande zote mbili. Jumla ni watu saba. Kwa kila mmoja jaza mambo manne: jina kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya zamani kuliko zote, mahali alipozaliwa, mwaka, na alipozikwa kama amefariki. Usisahau upande wa mama. Familia nyingi huhangaika na babu mzaa baba aliyeingia kwa jahazi au kwa reli (reli ilifika Mwanza mwaka 1928), wakati bibi mzaa mama alizaliwa Nansio au Magu na angeweza kumaliza swali lote.

Makaburi yana uzito kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa koo za mpakani. Afisa akimuuliza Mjaluo babu yake amelala wapi, hamfanyii udadisi. Anatafuta upande wa mpaka ambako ukoo una mji wake. Piga picha ya kaburi na maandishi yake, andika kijiji, kata na wilaya.

Hapo ndipo majina ya mahali yanapowaponza watu. Mipaka ya utawala imebadilika mara nyingi, na karatasi za zamani hazikubadilika nayo. Rorya ilikatwa kutoka Tarime mwaka 2007. Geita na Simiyu zikawa mikoa mwaka 2012. Kabla ya hapo Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza, na Busega ilikuwa sehemu ya Magu. Kwa hiyo baba anaweza kuwa amezaliwa "Magu, Mwanza" kwenye cheti na "Busega, Simiyu" kwenye kitambulisho, akiwa hajahama hata hatua moja. Usisubiri afisa agundue akadhani ni udanganyifu. Andika maelezo ya mistari miwili na uyabane pamoja na vyeti hivyo viwili.

Karatasi zinakopatikana

Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Mtoto husajiliwa ndani ya siku 90. Akipita hapo, usajili unahesabiwa kuwa umechelewa na utatakiwa kuleta ushahidi zaidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, barua ya mtendaji. Maombi hufanywa kwa mtandao kupitia mfumo wa eRITA au kwa msajili aliye kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Cheti cha zamani cha kuandikwa kwa mkono nacho kifanyiwe uhakiki kupitia mfumo huohuo kabla hujakitegemea.

Ukisajili mzee aliyechelewa, usimpambie mahali pa kuzaliwa. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971. Ombi linalosema mama alizaliwa Bugando mwaka 1965 linajiua lenyewe, na likishaonekana la uongo, hata ukweli uliomo hausomwi tena. Kama alizaliwa nyumbani kwa mkunga, andika alizaliwa nyumbani, taja kijiji.

Kwa babu na bibi ambao hawakuwahi kuwa na cheti, daftari za dini ndizo zinazookoa. Misheni ya Bukumbi ilianza mwaka 1883, Shirati kwa Wamenonaiti mwaka 1934. Andika barua kwa paroko au mchungaji, taja jina la ubatizo, majina ya wazazi na miaka mitano ya kukisia, kisha omba nakala yenye mhuri na namba ya ukurasa wa daftari. Misikiti, jamatkhana (nyumba za ibada za Waismailia) na mahekalu mengi nayo yana kumbukumbu za ndoa na mazishi. Baada ya hapo tafuta leja za shule, leseni za biashara, stakabadhi za ushirika wa pamba, hati za nyumba. Hata karatasi za majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 zina kazi: hazithibitishi uraia, lakini zinaonyesha jina, mtaa na mwaka. Familia nyingi za Kihindi zilitawanyika baada ya hapo, hivyo waandikie ndugu walioko Leicester au Toronto. Mara nyingi sanduku la babu liko kwao.

Majina

Maombi mengi hukwama hapa. Mohamed, Muhammad na Mohammed; Fernandes na Fernandez; Odhiambo na Odiambo; binti aliyesajiliwa shule kwa jina la babu na kliniki kwa jina la baba. Mfumo wa NIDA unataka jina la kwanza, la kati na la mwisho, na kompyuta haijui kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Chagua tahajia moja, ile ya cheti cha kuzaliwa, na wote wa nyumba moja waishike. Tofauti ndogo za herufi hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Usibadili jina la ukoo ili lisikike la Kisukuma au la Kihaya. Wapo wanaoshauri hivyo, wakidhani wanasaidia. Ukijiandika kabila lisilo lako umetoa taarifa ya uongo, ambalo ni kosa, na umemwachia mwanao jalada ambalo halilingani na makaburi ya babu zake. Kabila halina kazi katika uraia: tangu sensa ya mwaka 1967 serikali haijawahi tena kuhesabu watu kwa makabila. Fomu ya hospitali ikiuliza, andika ulivyo.

Mtaani

Fomu ya NIDA hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Kama mwenyekiti hakujui, hatakuwa na la kukuandikia, na familia nyingi za mjini zinazoishi ghorofani juu ya duka hazijulikani na mtu yeyote isipokuwa wateja. Hakikisha nyumba yenu imo kwenye rejista ya wakazi. Hudhurieni mkutano wa mtaa. Jiandikisheni kwenye orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa, ambayo ni tofauti na daftari la kudumu. Uchaguzi huo huja kila baada ya miaka mitano. Msiba ukitokea jirani, mtu mmoja wa nyumba aende akakae, kutuma mchango peke yake hakutoshi. Haya tunayasema kwa sababu ya jalada, na pia kwa sababu hapo ndipo mtu anapokuwa mwenyeji.

Tafuta mashahidi wawili wazee, wenye vitambulisho vyao, waliomfahamu babu au bibi kabla hujazaliwa. Wawe wa nje ya ukoo. Jirani wa Kisukuma au Mkerewe aliyesoma na mama yako ana uzito kuliko shangazi watano. Waape mapema wakiwa bado na nguvu.

Siku ya kwenda

Panga karatasi kuanzia babu kushuka kwako, na juu weka ule mchoro wa watu saba. Beba halisi, acha nakala zilizothibitishwa. Vyeti halisi visifungwe kwa plastiki ya moto: mhuri wa kubonyea haushikiki tena, na ofisi nyingi hukataa. Skani kila kitu uhifadhi kwenye barua pepe, kwani unyevu wa ziwa na mchwa havisamehe.

Ukihojiwa, jibu kifupi na kwa ukweli. Kama una shangazi Homa Bay, sema unaye. Kuwa na ndugu ng'ambo si kosa. Kosa ni mtu mzima kuwa na kitambulisho au pasipoti ya Kenya kisha kuomba ya Tanzania: Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba yao ya 2010, Tanzania hairuhusu. Mwenye tatizo hilo aonane na wakili kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kitambulisho cha kwanza cha taifa hakilipiwi. Malipo halali yoyote, kwa mfano ya pasipoti, huja na namba ya kumbukumbu ya malipo. Pesa ya mkononi usitoe. Namba yako ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zikague palepale, maana kosa la hapo litakufuata benki na kwenye laini ya simu.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, jina na cheo cha aliyekataa, na tarehe. Wakigoma kuandika, andika wewe barua kwa afisa uhamiaji wa mkoa ukieleza ulichoambiwa, uambatishe nakala ya jalada, na ugongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Pasipo jibu, barua inayofuata iende kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Asiyeweza kumlipa wakili aombe msaada wa kisheria. Sheria ya mwaka 2017 inautambua, na ofisi ya halmashauri itamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.