Kikundi cha msaada Uingereza bila ya usajili: namna ya kukisimamisha, kutoka kwa mpokeaji wa misaada wa Wete, Pemba

Jamaa zetu walioko Leicester na London hunipigia simu na suala moja: "Tunataka kuleta mashine ya kisima. Lazima tujisajili?" Kama mnaishi England au Wales na mapato ya kikundi kwa mwaka hayafiki paundi 5,000, hamlazimiki kujisajili kwa Charity Commission, mamlaka inayosimamia jumuiya za hisani kule. Kikundi ni cha hisani hata bila ya namba, ilimradi lengo lake lote ni hisani. Walioko Scotland hawana nafasi hii. Kule huwezi kujiita jumuiya ya hisani mpaka uandikishwe, hata kama mfukoni mna paundi kumi.

Kwa hiyo pimeni lengo kwanza, maana hapa wengi hukwama. Kikundi cha kufa na kuzikana, ambacho wanachama wanasaidiana wenyewe kwa wenyewe, kwa sheria ya huko si hisani. Wala mchango wa harusi, wala nauli ya shangazi kwenda kutibiwa India. Ni wema, tena thawabu, lakini faida inamfikia mtu mmoja na si umma. Vyoo vya skuli ni hisani, na kisima cha shehia pia. Mkifanya vyote viwili, wekeni mifuko miwili na musiichanganye hata siku moja.

Halafu andikeni katiba. Kurasa mbili tatu zinatosha: jina, lengo, wadhamini wanachaguliwaje, fedha zinatolewaje, na kikundi kikivunjika zilizobaki zinakwenda wapi. Hilo la mwisho husahauliwa sana, na ndilo linalozuia fedha kurudi mifukoni mwa wenyewe. Charity Commission inao mfano wa katiba ya vikundi vidogo, jazeni huo. Wadhamini wawe watatu au zaidi, waliotimia miaka 18, asiwemo aliyefilisika kisheria na bado hajaondolewa hali hiyo. Mimi naongeza langu: mume, mke na shemegi wasikae meza moja ya fedha.

Jueni pia kwamba kikundi cha namna hii hakina nafsi yake kisheria. Likitokea deni la ukumbi, wanaodaiwa ni nyinyi kwa majina yenu. Mkitaka kinga upo muundo wa CIO (Charitable Incorporated Organisation), jumuiya ya hisani yenye nafsi yake kisheria, lakini huo husajiliwa hata mapato yakiwa paundi moja.

Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, isitoke pesa bila ya saini mbili. Kikundi kimoja tulichokuwa tukikipokelea kilitumia akaunti ya mshika fedha wake. Benki ikaona paundi kumi kumi zinaingia kutoka kwa watu kadhaa, kisha zote zinaondoka kwa mpigo kuja Tanzania, ikaifunga kufanya uchunguzi. Saruji tulikuwa tumeshaichukua kwa ahadi, na kwa wiki sita nikawa napita njia ya nyuma nisionane na mwenye duka.

Sasa omba kutambuliwa na mamlaka ya kodi, HMRC. Maombi hufanywa mtandaoni: katiba, maelezo ya benki, hesabu kama zipo, na taarifa za wasimamizi pamoja na namba zao za bima ya taifa. Hawatokudai namba ya Charity Commission ikiwa mko chini ya kiwango. Faida yake ni Gift Aid: kila paundi inayotolewa na mlipakodi, serikali inaongeza peni 25. Watu 12 wakitoa paundi 10 kila mwezi ni 1,440 kwa mwaka, na nyongeza ni 360. Kila mtoaji atie tamko lenye jina na anwani. Asiyelipa kodi, kama mwanafunzi, asitie, kwani tofauti atakuja kudaiwa yeye. Nyongeza hiyo nayo ni mapato, ihesabuni. Mkifika 5,000, usajili hauna hiari tena.

Barua zenu zisiandike kuwa mmesajiliwa. Na kabla ya kusimama barabarani na kopo, ombeni kibali cha halmashauri ya mji, na kwa walioko London, cha polisi.

Upande wetu wa Pemba, paundi 5,000 hizo hazina maana yoyote. Anayetaka kuunda jumuiya huku aende kwa Mrajis wa Jumuiya wa Zanzibar, na cheti cha Bara hakimfai, kwani sheria yao ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 ni ya Bara tu. Njia nyepesi ni kupitia kamati ya skuli au ya maji iliyopo tayari, na sheha ajue tangu siku ya kwanza.

HMRC inawataka nyinyi mhakikishe fedha mlizozipeleka nje ya Uingereza zimetumika kwa hisani. Yaani risiti. Fundi wetu huandika kwenye kipande cha daftari, "nimepokea", basi. Mkatalieni. Aandike tarehe, kiasi kwa shilingi, kazi gani na kisima kipi, atie saini, na sheha agonge muhuri. Piga picha siku hiyo hiyo, kabla karatasi haijarowa.