Usitandaze mabua juu ya vumbi

Vuli moja nilipita konde upande wa Micheweni, Pemba, asubuhi, mvua imenyesha usiku, majani ya njiani yamenilowesha suruali hadi magotini. Mwenye konde ana furaha. Mabua ya mpunga keshayatandaza tangu Septemba, tena kwa ukarimu, kimo cha shibiri nzima. Nikachutama nikayafunua. Juu yanachuruzika maji, chini vumbi la kupeperuka. Mvua yote imeishia kwenye mabua.

Kosa hili nalikuta kila vuli, Unguja na Pemba, na wanaoumia zaidi ni wenzetu wa uwanda na maweni, ambako udongo ni haba na jembe halichelewi kugonga jiwe. Watu wameshasikia kwamba matandazo, yaani mabua ya kufunika udongo, hutunza maji, basi wanatandaza tu, bila ya kuuliza hayo maji ya kutunzwa yameshaingia au bado.

Tupige hesabu. Mvua ya milimita 5 ni lita 5 kwa kila mita moja ya mraba. Mabua makavu hushika maji zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Ukirundika kilo 2 katika mita hiyo, zaidi ya lita 4 zinabaki juu, na jua la saa nne likipiga zishakwenda zake. Mvua za vuli wenyewe mnazijua: nyingi ni manyunyu, zinapita. Mkulima anailaumu mbegu.

Yuko na wa pili, anayengoja mpaka mahindi yakunje majani mchana ndipo akimbilie kutafuta mabua. Udongo ushakauka, huyu anafunika mtungi mtupu.

Kwa hivyo fuateni mpango huu wa mahindi, na tafadhali msiugeuze. Septemba chimba mashimo tu, konde zima usilipindue. Urefu wa shimo sentimita 30, upana 15, kina 20. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 60. Kwenye maweni kamba haifuatiki, chimba penye mfuko wa udongo. Mashimo yabaki wazi yapokee mvua. Usipande kwa mvua ya kwanza kwa sababu jirani kapanda. Chimba kidogo kwa panga hadi kina cha shibiri, chukua udongo wa chini, uufinye: ukishikana donge, panda. Ukimwagika, subiri. Kila shimo libaki na miche miwili.

Mabua yaje mahindi yakifika kama sentimita 15, na siku yenyewe ni asubuhi ya pili baada ya mvua ya maana. Palilia kwanza, kwa juu juu, kisha tandaza siku hiyo hiyo. Nimeona watu wanapalilia Jumatatu na kutandaza Ijumaa. Siku nne za jua juu ya udongo uliochokorwa! Maji yote umeyaaga.

Kiasi ni gramu 600 kwa mita moja ya mraba. Funga vijiti vinne upate mraba wa mita moja kila upande, pima mabua kwa mizani mara moja, uyasambaze humo uone yanavyokaa. Baada ya hapo jicho litazoea. Kwa eka nzima ni karibu tani mbili na nusu, na si wengi wenye mabua hayo, maana ng'ombe nao wanayataka. Yakiwa machache, funika nusu ya konde sawasawa. Kuyanyunyiza konde zima kama chumvi hakukupi kitu.

Acha sentimita 10 kuzunguka kila shina, vinginevyo unawaita mchwa. Usiyafukie mabua, kwani yakioza udongoni huchukua naitrojeni, chakula cha mmea, na mahindi yanageuka manjano. Na mbolea ya yurea isimwagwe juu ya mabua, pesa yako itapotea hewani; sogeza mabua, toboa kina cha sentimita 5 kwenye udongo wenye unyevu, tia, fukia.

Ukifanya sawa, siku ya tano bila ya mvua udongo wa chini bado unafinyika.

Na wewe ambaye umeshatandaza juu ya udongo mkavu, leo hii yakusanye mabua katikati ya mistari, mafungu membamba, mashimo yabaki wazi. Mvua kubwa ikishapita, pima tena kwa panga, shibiri ile ile, ndipo uyarudishe.