Kabla hujapiga rm -rf, angalia kama kuna diski imemauntiwa humo ndani

Wadau wa studio za picha na video hapa Mwanza, hasa nyie mnaotumia Linux na mmemaunti hadi diski ya nje (yani mmeiunganisha ionekane kama folda) ndani ya folda ya kazi, hii ni yenu.

rm -rf, ile komandi ya kufuta folda na vyote vilivyomo bila kuuliza, haijali mpaka wa diski. Ukiiambia ifute /home/studio/zamani inaingia folda moja baada ya nyingine, na kama humo kuna folda ya bakapu ambayo ndo diski ya nje imemauntiwa, inaingia na humo inafuta harusi zote za Ilemela ulizotunza, afu mwishoni inakuletea "Device or resource busy". Wengi wakiona hivyo wanajua komandi imegoma. Haijagoma! Iliyobaki ni ile folda tupu tu, vya ndani vimeshaenda na rm haina kapu la taka. Diski za mtandao, NFS au Samba, ni hivyo hivyo, faili zinafutika kule kule kwenye seva, yani na mwenzako wa Nyegezi anakosa.

Kwa hiyo anza na hii, inakuonyesha kama kuna diski imemauntiwa humo:

findmnt -l | grep zamani

Ikitokea mstari wowote, toa kwanza:

sudo umount /home/studio/zamani/bakapu

Ikisema "target is busy" piga sudo fuser -vm na njia hiyo hiyo, utaona nani kaishikilia, mara nyingi ni terminal yako mwenyewe imekaa humo au programu ya kuediti haijafungwa. Funga, rudia umount.

Ikishatoka futa ile folda kwa rmdir, usitumie rm. rmdir inafuta folda tupu tu, kukiwa na kitu inakataa, na mimi naipenda kwa hilo. Ikikataa fungua uangalie, maana zinaweza kuwa bakapu za siku ile umeme ulikatika, kompyuta ikawaka diski haijamauntiwa, faili zikaandikwa kwenye diski ya ndani. Diski ikirudi juu yake huzioni tena ila zipo na zinakula nafasi. Zihamishe kwanza.

Hata ukishahakikisha, futa hivi:

rm -rf --one-file-system /home/studio/zamani

Hiyo inaruka diski nyingine itakayokutana nayo ndani. Ila ukiitajia folda ya diski yenyewe moja kwa moja inafuta vyote, na pia haikusaidii kwenye bind mount (folda iliyomauntiwa ionekane na sehemu nyingine) ya diski ile ile, kwake inaonekana ni sehemu moja na inafuta faili halisi kule zilikotoka. Bind mount utaijua kwenye findmnt, jina la diski linafuatwa na njia kwenye mabano ya mraba, mfano /dev/sda2[/home/studio/picha]. Nayo itoe kwa umount kama zile nyingine, ndo ufute.